Meli Ipandayo Ufuoni

Nahodha wa merikebu yo yote huiogopa nchi kavu kuliko tufani. Katikati ya maji mengi upepo waweza kuvuma na mawimbi yakapanda, na chombo chake kikasalimika. Lakini akisikia mkuku unakwaruza mchanga au mwamba, moyo wake hushtuka, kwa maana vyombo vingi vimevunjikia pwani kuliko vilivyovunjikia kilindini. Hata hivyo iko namna moja ya meli isiyoikimbia nchi kavu, bali huiendea kwa makusudi. Huja mbio kuelekea ufuo, hupandisha omo yake juu ya mchanga, hufungua kinywa chake kama kiboko, na ndani yake hutoka magari, mizinga na watu. Kazi ikiisha, hufunga kinywa, hujivuta yenyewe kwa nyuma, na kurudi majini kama ilivyokuja. Hiyo ndiyo meli ya kushushia askari ufuoni. Wanamaji waliizoea kwa herufi tatu tu, L.S.T.

Watu wa Mwanza hawana haja ya kwenda mbali ili kuona jamaa yake mdogo. Pantoni zilizovusha watu miaka mingi kati ya Kigongo na Busisi zimeumbwa kwa mfano uo huo: chini ni bapa, mbele hapana omo kali ikatayo maji, bali pana bamba kubwa la chuma ambalo huteremshwa likalala juu ya nchi, na gari likapita bila kuchukuliwa na winchi. Jambo hilo laonekana jepesi kwa macho. Lakini kabla halijapatikana, watu wengi sana walikufa katika zile hatua chache zilizo kati ya meli na mchanga mkavu.

Ziwa la Viktoria lenyewe lilishuhudia shida hiyo. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na mara wenye reli wakataka meli za kuendeleza safari juu ya maji. Lakini meli hupitaje milimani? Ziliundwa katika mji wa Paisley, Scotland, katika kiwanda cha Bow, McLachlan. Huko zilifungwa kwa parafujo, kila kipande kikaandikwa nambari yake, kisha zikafunguliwa tena vipande vipande, zikapakiwa katika meli nyingine mpaka Mombasa, zikapanda gari moshi, na kuungwa upya ukingoni mwa ziwa. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Winifred, aliyeshushwa majini mwaka 1902, na nduguye Sybil baada yake. Kisha wakafuata Clement Hill na Nyanza, na karibu na wakati wa vita, Usoga na Rusinga. Kazi yao ilikuwa kuchukua pamba, ngozi, barua na abiria, wala hapana aliyewaza kwamba watakuwa manowari.

Hata Agosti 1914 vita vikaanza. Pande za kusini za ziwa, yaani Bukoba, Mwanza na Musoma, zilikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Pande za kaskazini zilikuwa za Waingereza. Mizinga ikafungwa juu ya sitaha za meli za pamba. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo Sybil alipanda mwamba penye pwani ya Majita, nchi ya adui. Meli ya namna yake ina tumbo la mviringo na mkuku chini, nayo ikikwama hulala upande, maji yakaingia, na nguvu zake za mashine hazifai kitu. Mabaharia walilazimika kuiacha. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi Majita pamoja na askari wa kulinda kazi, mafundi wakaziba matundu, wakaivua majini, wakaikokota hadi Kisumu. Ilitengenezwa, ikarudi kazini. Meli ya kawaida, basi, ikigusa nchi mara moja, kuiokoa ni kazi ya jeshi zima.

Kwa sababu hiyo, Waingereza walipotaka kuushambulia mji wa Bukoba mwezi wa Juni 1915, meli zao hazikuthubutu kuufikia ufuo. Wajerumani walikuwa na mlingoti mrefu wa simu ya upepo pale Bukoba, nao uliwapasha habari kutoka mbali. Waingereza wakaazimu kuuvunja. Askari wakapakiwa Kisumu katika Usoga, Nyanza, Rusinga na Winifred, chini ya Jenerali Stewart. Miongoni mwao alikuwamo mwindaji mashuhuri Selous, mzee aliyepita miaka sitini. Walitaka kushuka usiku, lakini walinzi wakawaona wakali mbali, wakarusha fataki angani, na meli zikarudi nyuma kungoja. Kulipopambazuka tarehe 22 askari waliteremka katika mashua na matishari kaskazini ya mji, chini ya mlima mkali ambao Wajerumani hawakudhani kwamba mtu angepanda. Ni mlima huo uliowaokoa, kwa kuwa juu yake hapakuwa na bunduki nyingi. Laiti bunduki zingalikuwapo, watu waliosongamana ndani ya mashua, hawawezi kulala chini wala kupiga vema, wangaliuawa kama samaki walio ndani ya wavu. Siku ya pili mji ukatekwa, mlingoti ukaangushwa, na jioni meli zikaondoka. Askari waliupora mji kabla ya kuondoka, jambo ambalo halikuwapa sifa hata kwa watu wao wenyewe.

Zamu ya Mwanza ilikuja mwaka 1916. Kwanza kilitwaliwa kisiwa cha Ukerewe, mwezi wa Juni, maana mchele wa Wakerewe ulikuwa chakula cha majeshi ya Wajerumani. Kisha Jenerali Crewe akajitayarisha kuuendea mji wenyewe. Mji ulikuwa na mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyozamishwa katika mto Rufiji mwaka 1915, ukaletwa mpaka ziwani. Mtu mwenye akili haendi kuteremsha askari mbele ya mzinga kama huo kwa mashua za makasia. Basi Crewe alipita mbali, akawashusha watu wake usiku wa tarehe 11 Julai kuamkia 12 penye rasi ya Kongoro, mashariki ya mji, nao wakaenda kwa miguu. Tarehe 14 Mwanza ikaingiwa. Wajerumani walikuwa wamekwisha kutoka, wengine kwa njia ya nchi kuelekea Tabora, wengine kwa vyombo ndani ya ghuba ya Mwanza, kupita pale pale ambapo baadaye pantoni zilivuka. Mzinga wao waliuacha.

Itazamwe vema habari hii. Jenerali alipata mji, lakini ilimbidi ateremke mbali na kutembea, kwa sababu chombo chake hakikuweza kufika pale alipotaka. Mashua huchukua watu, haichukui mzinga mzito. Na tishari lichukualo mzinga lataka gati la kuushushia. Mwenye gati ni adui.

Miezi miwili kabla ya Bukoba, jaribio moja kubwa lilifanywa mbali sana, katika nchi ya Waturuki. Meli ya makaa iitwayo River Clyde ilitobolewa milango ubavuni, ikapakiwa askari wapatao 2,000, na tarehe 25 Aprili 1915 ikaendeshwa kwa makusudi mpaka ikapanda ufuo wa Gallipoli. Mawazo yalikuwa mazuri. Lakini meli ilisimama mbali kidogo na mchanga, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa refu chini ya maji, ikalazimu kupanga matishari yawe daraja. Waliotoka milangoni walitoka mmoja mmoja juu ya mbao nyembamba, na bunduki za Waturuki zilikuwa zimekwisha elekezwa pale. Maji ya ufuo yakawa mekundu. Waliobaki walikaa ndani ya meli mpaka usiku. Ajabu ni kwamba meli yenyewe haikufa: baada ya vita iliondolewa mchangani, ikauzwa kwa Wahispania, ikafanya kazi ya shehena miaka mingi, nayo ilivunjwa mwaka 1966 tu.

Vita vya pili vilipokuja, shida ilizidi, maana sasa jeshi halikwenda bila vifaru, yaani magari ya chuma yenye mizinga, na kifaru kimoja huweza kuwa na uzito wa tani thelathini. Mwaka 1940 Waingereza walifukuzwa kutoka Ufaransa kwa njia ya Dunkirk. Watu wengi waliokolewa, bali vifaru na mizinga iliachwa ufuoni, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuipakia. Waziri Mkuu Churchill akataka meli itakayoweza kuvuka bahari kuu na kushusha vifaru po pote palipo na mchanga. Maombi hayo yalipingana yenyewe kwa yenyewe. Meli ya bahari kuu hutakiwa kuwa na tumbo refu ili mawimbi yasiipindue. Meli ya ufuoni hutakiwa kuwa bapa na kuelea juu juu.

Jibu la kwanza lilitoka ziwani, na hapa watoto wa Nyanza waweza kujivuna kidogo kwa niaba ya maziwa yote. Katika nchi ya Venezuela, Amerika ya Kusini, kuna ziwa Maracaibo lenye mafuta mengi chini yake, na mlango wake wa kutokea baharini wakati ule ulikuwa na fungu la mchanga lisilopitika kwa meli ndefu chini. Kwa hiyo meli za mafuta za huko ziliundwa ziwe na tumbo fupi. Waingereza wakachukua tatu, Misoa, Tasajera na Bachaquero, wakazikata omo, wakatia mlango mkubwa na daraja refu la kukunja, na matangi ya mafuta yakageuzwa kuwa banda la magari. Hazikuwa nzuri kwa sura wala hazikwenda mbio. Lakini zilifaa.

Bachaquero ndiyo iliyotangulia vitani, tena katika bahari yetu ya Hindi. Kisiwa cha Madagaska kilikuwa kimeshikwa na Wafaransa wasiowataka Waingereza, nao Waingereza walihofu kwamba Wajapani wangeitwaa bandari ya Diego Suarez na kukata njia ya meli ziendazo Misri na Bara Hindi kwa kupita Afrika Mashariki. Tarehe 5 Mei 1942 askari waliteremshwa magharibi ya bandari hiyo. Bachaquero alikuja na mizinga na magari, lakini nahodha wake alipata taabu kubwa. Mara kadhaa alijaribu ufuo, akakuta haufai, akarudi kutafuta mwingine, huku askari waliotangulia wakiingoja mizinga. Mwishowe aliupata mchanga uliomkubali, kinywa kikafunguliwa, na magari yakaingia nchini kwa nguvu zao wenyewe. Diego Suarez ilishindwa tarehe 7 Mei.

Kisiwa kizima kilikuwa bado. Mwezi wa Agosti ikaletwa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yaani askari wa K.A.R.: kikosi kimoja cha Nyasaland, kimoja cha Kenya na kimoja cha Tanganyika. Tarehe 10 Septemba jeshi lilishuka Majunga, upande wa magharibi, na askari hao wakaenda kwa miguu na magari katika nchi ndefu ya vilima, barabara zikiwa zimezibwa kwa mawe na miti, mpaka Wafaransa walipoomba amani mwanzo wa Novemba.

Zile meli tatu za Maracaibo zilikuwa jaribio tu. Mwishoni mwa mwaka 1941 fundi mmoja wa manowari za Marekani, John Niedermair, alichora mfano wa meli mpya, na ndani yake lile shindano la tumbo refu na tumbo fupi likapata suluhu. Alitumia farumi. Kila baharia wa jahazi ajua farumi: ni mawe au mchanga utiwao chini ya chombo kitupu ili kisiyumbe. Farumi ya Niedermair ilikuwa maji ya bahari yenyewe. Meli ikitaka kuvuka bahari kuu, matangi yake hufunguliwa, maji huingia, nayo huzama kidogo na kutulia. Ikikaribia ufuo, mapampu huyatoa maji hayo, nayo huinuka. Meli yenye urefu wa futi 328, yenye shehena ya tani 500, iliweza kufika mchangani huku omo yake ikiwa chini ya maji kwa futi tatu tu; tezi ilikuwa na futi tisa na nusu. Yaani ilikuwa na mteremko chini, kama ufuo wenyewe ulivyo na mteremko, ikaulalia.

Jambo la pili ni nanga. Meli nyingine hutia nanga mbele. Hii ina nanga kubwa nyuma. Ikiwa bado mbali na nchi, nahodha huiangusha nanga hiyo katika maji mengi na kuendelea mbele, waya wa chuma ukifunguka nyuma yake. Ikipanda mchangani, magari yakatoka, mashine huanza kuuvuta waya, na meli hujikokota kwa nguvu ya nanga yake. Nahodha asiyejua kuangusha nanga mahali pake alibaki mchangani mpaka maji yajae tena, akitazamwa na ndege za adui. Tena ndani ya banda walifunga mapepeo makubwa ya kutoa moshi, kwa sababu vifaru ishirini vikiwashwa pamoja katika chumba kilichofungwa, watu wangekufa kabla ya kumwona adui.

Kasoro zake zilijulikana. Kwa kuwa chini ilikuwa bapa, iliyumba hata katika mawimbi madogo, na askari walifika vitani wamechoka kwa kutapika. Ilikwenda polepole, nao mabaharia walisema kwa mzaha kwamba zile herufi L.S.T. maana yake ni shabaha kubwa iendayo taratibu. Lakini ziliundwa nyingi sana. Viwanda vya bahari vilikuwa vimejaa kazi, kwa hiyo nyingi ziliundwa barani kabisa, kando ya mito, katika miji iliyozungukwa na mashamba ya mahindi, kama vile Evansville na Seneca, zikateremka kwa mto Mississippi mpaka baharini. Wahunzi wengi hawakuwa wameona bahari, na wanawake wengi walijifunza kuunga chuma. Jumla yake zilikuwa 1,051. Adui alizamisha ishirini na sita, na kumi na tatu zilipotea kwa tufani, miamba na ajali.

Maisha ya mojawapo yatosha kuonyesha jinsi chombo cha namna hii kinavyozeeka. Ile yenye nambari 325 (nyingi hazikupewa jina) ilishushwa majini Philadelphia mwezi wa Oktoba 1942. Mwaka 1943 ilishusha watu katika Sicily na Salerno, Italia. Mwezi wa Juni 1944 ilikwenda Normandy, Ufaransa, nayo ilivuka na kurudi zaidi ya mara arobaini. Ilipokwenda ilichukua magari, iliporudi ilichukua majeruhi waliolazwa katika banda lile lile. Mwaka 1946 ilistaafishwa. Baadaye iliamshwa, ikapeleka vyombo vya kujengea vituo vya kulinda anga katika nchi za barafu kaskazini. Mwaka 1964 ilipewa Wayunani, wakaiita Syros, ikawatumikia mpaka 1999. Ndipo wazee wa Kimarekani, waliotumikia meli za namna hiyo ujanani, wakaiendea katika kisiwa cha Krete. Wengi walikuwa na umri wa miaka sabini na zaidi. Waliambiwa kwamba meli imechakaa na bahari ya kipupwe ni mbaya, nao walikuwa wamekwisha kusikia mabaya kuliko hayo. Wakazitengeneza mashine kwa mikono yao, wakaondoka Novemba 2000, wakavuka Atlantiki, wakafika Mobile, Marekani, Januari 2001. Baadaye ilipelekwa Evansville, kwenye mto Ohio, iwe ukumbusho.

Wazo la kinywa kinachofunguka halikustaafu. Baada ya vita watu waliona kwamba chombo kilichofaa kushusha kifaru chafaa pia kushusha lori la dagaa. Katika ghuba ya Mwanza, mahali ambapo barabara ya Sengerema na Geita inakatwa na maji, pantoni zilifanya kazi hiyo. Pantoni iitwayo Mwanza, iliyoundwa papo hapo mjini, ilichukua tani 250, watu 1,000 na magari 36. Hazina farumi za kujaza na kutoa, kwa kuwa hazivuki bahari kuu. Lakini sheria ya chombo bapa haziwezi kuikwepa. Chombo bapa husimama imara wakati uzito umekaa sawasawa, tena chini. Watu wakizidi kiasi, na wote wakasimama juu ya sitaha, kisha wakasogea upande mmoja, maji huingia ukingoni, na kikianza kulala hakirudi.

Tarehe 20 Septemba 2018 pantoni Nyerere ilitoka Bugolora, katika Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa imepimwa kuchukua watu 101. Siku hiyo ilichukua zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, pamoja na mizigo. Ilivuka maji yote salama. Ilipokuwa karibu kabisa na gati la Ukara, watu wa nchi kavu wakiitazama, ikapinduka. Waliokufa ni 228; waliookolewa ni 41, na mmoja wao, fundi wa mashine, alikutwa hai siku ya tatu, amejifungia katika chumba chenye hewa kidogo ndani ya pantoni iliyopinduka.

Kigongo na Busisi hawaingoji pantoni tena. Kazi ya daraja ilianza mwaka 2020, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua, nalo lina urefu wa kilomita tatu. Lori lililokuwa likikaa foleni ukingoni, kisha likavuka kwa zaidi ya nusu saa, sasa hupita kwa dakika chache bila kuzima mashine. Ukara haina daraja. Huko bamba la chuma bado huteremshwa juu ya nchi kila siku, na msimamizi husimama kando yake akihesabu watu.